Fernando Pessoa: Mtu mmoja aliyekuwa watu wengi

MTU ni watu, walinena wahenga, nao walikuwa na maana kwamba binadamu hawezi kuishi peke yake. Katika jiji la Lisbon nchini Ureno aliishi mshairi aliyeigeuza kauli hiyo ikawa jambo jingine kabisa. Hakuoa wala hakuzaa, na miaka mingi ya utu uzima wake aliipitisha katika vyumba vya kupanga. Hata hivyo, kichwani mwake mliishi umati wa washairi, wanafalsafa, wahakiki na makarani, kila mmoja akiwa na jina lake, kazi yake na mtindo wake wa kuandika. Jina la ukoo wake lilikuwa Pessoa, na katika lugha ya Kireno neno hilo lina maana ya mtu. Asili yake ni neno la Kilatini lililotumiwa kuitaja barakoa ya mwigizaji.

Fernando Pessoa ndiye anayetajwa kwanza kila inapozungumziwa fasihi ya usasa katika lugha ya Kireno. Usasa ni mkondo ulioshika kasi barani Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo waandishi na wasanii waliyaacha kwa makusudi mazoea ya waliowatangulia: mashairi ya vina na mizani iliyopimwa, hadithi za mtiririko ulionyooka, na tamthilia za mavazi ya kifahari na mapenzi ya watu wa kale. Wanafunzi wengi wa fasihi huufahamu mkondo huo kupitia T. S. Eliot na James Joyce. Nchini Ureno ulichukua sura ya pekee, kwa kuwa kinara wake hakuandika kama mtu mmoja. Aliuchukua mchezo wa kuigiza, akautoa jukwaani na kuuingiza ndani ya nafsi yake. Uamuzi huo ulimpa jina lisilofutika, lakini alilipata baada ya kufa.

Mtoto wa kando ya jumba la opera

Fernando António Nogueira Pessoa alizaliwa mnamo Juni 13, 1888, siku ya sherehe za Mtakatifu Anthony, ambazo wakazi wa Lisbon huzisherehekea kwa shangwe kubwa. Nyumba yao ilitazamana na jumba la opera la São Carlos. Babake, Joaquim de Seabra Pessoa, alikuwa mtumishi wa serikali, na jioni aliandika tahakiki za muziki katika gazeti la Diário de Notícias. Kwa hiyo jukwaa lilikuwa jirani wa mtoto huyu tangu alipoanza kufumbua macho.

Furaha hiyo haikudumu. Julai 1893 babake alifariki kutokana na kifua kikuu. Januari iliyofuata, mdogo wake Jorge, ambaye alikuwa hajatimiza hata umri wa kutembea vyema, akafariki pia. Familia iliuza sehemu ya samani zake na kuhamia nyumba ndogo zaidi. Nyanyake wa upande wa baba, Dionísia, alikuwa na maradhi ya akili, na hofu ya kurithi wazimu ingemwandama Pessoa maisha yake yote.

Katika kipindi hicho cha msiba, mtoto huyo wa miaka sita alijiundia rafiki wa kufikirika aliyemwita Chevalier de Pas, na akawa anajiandikia barua kwa jina la rafiki huyo. Watoto wengi hufanya michezo ya aina hiyo na kuisahau. Yeye hakuisahau.

Miaka ya Durban

Desemba 1895 mamake, Maria Magdalena, aliolewa na João Miguel Rosa, balozi mdogo wa Ureno mjini Durban. Bwana harusi alikuwa tayari yuko Afrika Kusini, hivyo nduguye alimwakilisha kanisani. Mwezi uliofuata, mama na mtoto walifunga safari hadi Durban, mji wa koloni la Natal lililokuwa chini ya Uingereza.

Huko ndiko Pessoa alikolelewa. Alisomeshwa Kiingereza na watawa wa Kikatoliki, kisha mwaka wa 1899 akajiunga na Shule ya Upili ya Durban. Alizama katika vitabu vya Milton, Keats na Dickens, lakini juu ya wote alimweka Shakespeare. Kwa mwandishi huyo wa tamthilia alijifunza kwamba mtu mmoja anaweza kuwapa uhai wafalme, wazimu, wauaji na wapenzi, bila mwenyewe kuwa yeyote kati yao. Mwaka wa 1903 alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Cape of Good Hope, akatunukiwa Tuzo ya Malkia Victoria kwa insha bora ya Kiingereza. Watahiniwa walikuwa 899, wengi wao wakiwa wamezaliwa katika lugha hiyo.

Mwaka wa 1901 familia ilikwenda Ureno kwa likizo ndefu. Meli ilipanda na mwambao wa Afrika Mashariki, ikatia nanga Zanzibar na Dar es Salaam kabla ya kupita Mfereji wa Suez. Haikuwa safari ya furaha, kwani ilibeba mwili wa dadake mdogo aliyefariki Durban mwaka huohuo. Kijana wa miaka 13 aliuona mwambao wetu kutoka melini, akapita.

Tukio hilo ni kielelezo cha uhusiano wake na Afrika kwa jumla. Durban ilikuwa mji wa Wazulu na Wahindi, na Mohandas Gandhi alifanya kazi ya uwakili humo katika miaka hiyo. Hata hivyo, katika maelfu ya kurasa alizoandika baadaye, Waafrika waliomzunguka karibu hawaonekani. Isitoshe, miongoni mwa karatasi zilizochapishwa baada ya kifo chake mna vipande vinavyoutetea utumwa kama jambo la kawaida katika historia. Msomaji wa Kiafrika hana sababu ya kulifunika hilo. Mtu aliyeweza kujivika nafsi za watu wengi namna hiyo hakujivika nafsi ya hata mmoja wa wale aliopishana nao barabarani kila siku akiwa mtoto.

Karani wa barua za biashara

Agosti 1905, akiwa na umri wa miaka 17, Pessoa aliondoka Durban peke yake kurejea Lisbon. Hakurudi Afrika tena, na kwa miaka 30 iliyobaki hakutoka nje ya Ureno.

Alijiandikisha katika chuo cha masomo ya fasihi, lakini akaacha mwaka wa 1907 bila shahada. Mwaka huohuo nyanyake Dionísia alifariki na kumwachia urithi. Badala ya kuuweka akiba, alinunua mtambo wa kupiga chapa na kufungua kampuni aliyoiita Íbis. Kufikia mwaka wa 1910 biashara hiyo ilikuwa imekwisha, na madeni yakamfuata kwa miaka mingi.

Tangu hapo alijikimu kwa kuandika na kutafsiri barua za Kiingereza na Kifaransa katika kampuni za biashara za eneo la Baixa, katikati ya jiji. Kazi hiyo haikuwa na saa maalumu wala mshahara mkubwa, na aliipenda kwa sababu hiyo. Alikuwa akimaliza barua za wateja, anabaki ofisini, na kuitumia taipureta ya kampuni kuandika mambo yake. Aliyemwona njiani alimwona mwanamume mwembamba mwenye kofia, miwani na tai ya kipepeo, asiye na lolote la kustaajabisha.

Swali kubwa katika miaka hiyo lilikuwa la lugha. Mashairi yake ya ujana aliyatunga kwa Kiingereza, na aliwahi kutumaini kwamba angetambuliwa kama mshairi wa Kiingereza. Mwaka wa 1918 alichapisha kwa gharama yake vijitabu viwili vya mashairi katika lugha hiyo, na magazeti ya Uingereza yakavitaja kwa adabu bila kuvishangilia. Kiingereza chake kilikuwa sahihi lakini kilinuka vitabu. Kireno ndicho kilichokuwa hai midomoni mwa watu waliomzunguka, na humo ndimo sauti zake zote kuu zilimopatikana.

Jukwaa lililochoka

Ureno ya wakati huo ilikuwa katika misukosuko. Mwaka wa 1908 Mfalme Carlos aliuawa kwa risasi pamoja na mwanawe mrithi. Oktoba 1910 ufalme uliangushwa na jamhuri ikatangazwa. Siasa zilibadilika haraka, lakini sanaa ilibaki palepale. Katika kumbi za maonyesho, watazamaji waliendelea kufurahia tamthilia za historia na mahaba. Mwandishi aliyependwa sana alikuwa Júlio Dantas, daktari aliyejipatia sifa kwa tamthilia yake ya mwaka wa 1902, A Ceia dos Cardeais, ambamo makadinali watatu wakongwe wanakula chakula cha jioni huku wakikumbuka mapenzi ya ujana wao.

Mwaka wa 1912 Pessoa alijitosa katika uhakiki. Katika jarida la A Águia alichapisha makala yaliyotabiri kwamba Ureno ilikuwa karibu kumzaa mshairi ambaye angemzidi Luís de Camões. Utabiri huo uliwakera wengi. Camões ndiye mtunzi wa Os Lusíadas, utenzi wa mwaka wa 1572 unaosimulia safari ya Vasco da Gama kuelekea India, na ambamo Mombasa na Malindi zina nafasi yake. Kumgusa kulikuwa sawa na kugusa nguzo ya taifa.

Oktoba 1913 Pessoa aliandika tamthilia fupi, O Marinheiro, yaani Baharia. Aliiita tamthilia tuli. Wanawake watatu wameketi usiku katika chumba cha mviringo ndani ya kasri la zamani, wakimkesha mwenzao aliyelala ndani ya jeneza. Hawaondoki, hawagombani, wala hakuna anayeingia kuleta habari. Wanazungumza tu wakingoja kupambazuke. Mmoja anasimulia ndoto kuhusu baharia aliyekwama kisiwani, ambaye kwa kuwa hakuweza kuikumbuka nchi yake bila uchungu, alijibunia nchi nyingine yenye mitaa, bandari na marafiki. Baada ya muda akawa hana kumbukumbu nyingine ila hiyo ya kubuni. Wanawake wanaanza kushikwa na hofu. Je, huenda baharia huyo ndiye wa kweli, nao ndio ndoto yake?

Mwandishi Mbelgiji Maurice Maeterlinck alikuwa ametangulia kuandika tamthilia zisizo na vitendo vingi, na Pessoa aliisoma njia hiyo kwa makini. Yeye aliisogeza hatua moja mbele. Tamthilia yake haikuuliza nini kitatokea, iliuliza ni nani anayesema.

Washairi watatu na bwana mmoja

Jibu la swali hilo lilimjia mwaka wa 1914. Katika barua ndefu aliyomwandikia mhakiki Adolfo Casais Monteiro mnamo Januari 1935, Pessoa alisimulia kwamba Machi 8, 1914 alisimama mbele ya kabati refu la droo, akachukua karatasi na kuandika mashairi zaidi ya thelathini mfululizo, akiwa katika hali asiyoweza kuieleza. Mashairi hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya mtu aitwaye Alberto Caeiro. Watafiti waliochunguza miswada wamebaini kwamba mambo hayakwenda upesi hivyo, na kwamba mashairi hayo yaliandikwa kwa siku nyingi na kusahihishwa. Hata hivyo hakuna anayepinga kwamba mwaka huo ndio mwaka wa mageuzi.

Caeiro alikuwa mtu wa mashambani, mwenye elimu ndogo, aliyetazama jiwe akaona jiwe na kutazama ua akaona ua, bila kutafuta maana iliyofichika. Pessoa alimwita bwana na mwalimu wake, akaamua kwamba alifariki mwaka wa 1915 kwa kifua kikuu, ugonjwa uleule uliomuua babake. Wa pili alikuwa Ricardo Reis, daktari kutoka Porto, aliyetunga mashairi ya arudhi za kale kwa kumfuata Mrumi Horace na kufundisha utulivu mbele ya majaaliwa. Wa tatu alikuwa Álvaro de Campos, mhandisi wa meli aliyesomea Glasgow, mwenye mashairi marefu yasiyo na vina, yaliyojaa kelele za mitambo, bandari na taa za umeme, na baadaye yaliyojaa uchovu. Pessoa mwenyewe aliendelea kutunga kwa jina lake halisi kama mmoja wao tu.

Aliwaita heteronimu, na ni muhimu kutofautisha neno hilo na lakabu. Mwandishi anayetumia lakabu huficha jina lake, lakini sauti hubaki yake. Heteronimu ni mtu mwingine kabisa: ana wasifu, imani, sarufi na makosa yake. Pessoa aliwapigia hata falaki za nyota kulingana na tarehe alizowapa za kuzaliwa. Walijadiliana, waliandikiana dibaji na walikosoana hadharani.

Katika jarida la Presença, mwaka wa 1928, alieleza kwamba kazi hizo kwa pamoja ni tamthilia, ila imegawanywa kwa watu badala ya maonyesho na matendo. Hapo ndipo penye ufunguo wa kazi yake yote. Wahusika wa tamthilia ya kawaida hupewa maneno machache wayaseme mbele ya watazamaji. Wahusika wa Pessoa walipewa vitabu vizima, na jukwaa lao likawa akili ya msomaji.

Kashfa ya Orpheu

Kizazi kipya kilikutana mikahawani. Aliyekuwa karibu zaidi na Pessoa ni Mário de Sá-Carneiro, mshairi na mwandishi wa hadithi aliyeishi Paris kwa vipindi virefu na kumletea habari za mapinduzi ya sanaa huko. Mwingine alikuwa José de Almada Negreiros, mchoraji na mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa mwaka wa 1893 katika kisiwa cha São Tomé.

Machi 1915 walitoa jarida lililoitwa Orpheu, kwa fedha za babake Sá-Carneiro. Toleo la kwanza lilikuwa na O Marinheiro pamoja na mashairi ya Álvaro de Campos. La pili, lililotoka mwishoni mwa Juni, lilichapisha hata tungo za Ângelo de Lima, mshairi aliyekuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Magazeti yalifura kwa hasira na kicheko. Dantas aliandika akiwahusisha vijana hao na wazimu. Kila kejeli iliongeza mauzo.

Julai mwaka huo mwanasiasa mashuhuri Afonso Costa aliumia vibaya baada ya kuanguka kutoka kwenye tramu. Álvaro de Campos, ambaye hakuwepo duniani, aliliandikia gazeti la A Capital barua ya kulifanyia mzaha tukio hilo. Jiji likachemka, na baadhi ya wanachama wa Orpheu wakajitenga hadharani. Pessoa aligundua kwamba mhusika wa kubuni anaweza kumponza mtu halisi.

Babake Sá-Carneiro alisita kuendelea kulipa, na toleo la tatu halikutoka. Aprili 26, 1916, Sá-Carneiro alijiua kwa sumu katika hoteli mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 25. Alikuwa amemwandikia Pessoa barua za kuaga. Hakuna rafiki mwingine aliyewahi kuliziba pengo hilo.

Almada aliendeleza vita. Oktoba 1915 tamthilia mpya ya Dantas kuhusu mtawa Mariana ilikuwa imepandishwa jukwaani, na mwaka uliofuata Almada alitoa kijitabu cha kumshambulia mwandishi huyo na kila kilichonuka ukale. Aprili 14, 1917 alipanda jukwaa la Teatro República akiwa amevaa ovaroli ya fundi, akawatolea watazamaji hotuba ya kuwachokoza waingie katika karne mpya. Novemba mwaka huo jarida la Portugal Futurista lilitoka mara moja tu, na polisi wakalitwaa. Kwa ufupi, usasa wa Kireno ulikuja kwa kishindo cha miaka mitatu, kisha ukazimwa kwa vifo, polisi na ukosefu wa fedha.

Mapenzi yenye mtu wa tatu

Mwishoni mwa mwaka wa 1919, msichana wa miaka 19 aitwaye Ophelia Queiroz aliajiriwa katika ofisi moja alimofanya kazi Pessoa. Kwa masimulizi aliyoyatoa uzeeni, jioni moja taa zilizimika, na Pessoa akamtamkia mapenzi kwa maneno ya Hamlet kwa Ophelia wake. Hata katika saa hiyo alihitaji mhusika wa kumsemea.

Uchumba huo ulidumu miezi kadhaa ya mwaka wa 1920, ukafufuka mwaka wa 1929, kisha ukafifia. Barua zao, zilizochapishwa miongo mingi baadaye, zinaonyesha mapenzi ya dhati na mzaha wa kitoto. Zinaonyesha pia kwamba Álvaro de Campos aliingilia kati mara kwa mara, na Ophelia hakumpenda hata kidogo. Pessoa alimweleza kwamba maisha yake yalikuwa chini ya sheria nyingine, akiwa na maana ya kazi yake ya uandishi.

Tangu mwaka wa 1920 aliishi katika nyumba ya mtaa wa Coelho da Rocha, ambako mamake, aliyerejea kutoka Afrika Kusini akiwa mjane, aliishi naye hadi alipofariki mwaka wa 1925. Alikunywa sana, ingawa waliomfahamu walisema hakuonekana akiyumba. Usiku aliandika. Katika miaka hiyo kilikua kitabu chake cha nathari, Livro do Desassossego, yaani Kitabu cha Kutotulia, alichomkabidhi mhusika Bernardo Soares, karani msaidizi wa hesabu katika mtaa wa Douradores. Hakukimaliza.

Sauti nyingi, dola moja

Mei 28, 1926 wanajeshi walitwaa mamlaka. Pessoa, aliyechoshwa na vurugu za jamhuri, aliunga mkono. Mwaka wa 1928 alichapisha kijitabu cha kutetea udikteta wa kijeshi kama daraja la muda. Hilo nalo ni doa alilolitambua baadaye mwenyewe, akataka kijitabu hicho kihesabiwe kama hakikuwepo.

António de Oliveira Salazar, mwalimu wa uchumi, aliingia serikalini mwaka wa 1928 na kuwa waziri mkuu mwaka wa 1932. Desemba 1934 Pessoa alitoa Mensagem, yaani Ujumbe, mashairi 44 kuhusu wafalme, mabaharia na ndoto za Ureno. Kilikuwa kitabu pekee cha Kireno alichokichapisha maishani mwake, na idara ya propaganda ya serikali ilikipa tuzo. Ingekuwa rahisi kwake kuwa mshairi wa dola.

Mambo yalikwenda kinyume. Februari 4, 1935 alichapisha makala katika Diário de Lisboa kupinga mswada wa kupiga marufuku vyama vya siri, uliowalenga Wamasoni, ilhali yeye hakuwa mwanachama wao. Baadaye mwezi huo, katika hafla ya kutoa tuzo, Salazar alieleza kwamba waandishi wanapaswa kufuata mwongozo wa dola mpya. Pessoa hakuhudhuria. Tangu hapo aliandika mashairi ya kumkejeli Salazar, yaliyopitishwa kwa siri au kubaki ndani ya karatasi zake.

Hapa ndipo ulipo uzito wa mchezo wake wa nafsi nyingi. Dola hiyo ilitaka taifa lenye sauti moja, imani moja na mshairi mmoja wa kulipamba. Mtu aliyetumia miaka ishirini kuthibitisha kwamba hata moyo mmoja una sauti zinazopingana hangeweza kuitumikia kwa muda mrefu. Alikosea mara kadhaa katika siasa, lakini ubunifu wake wenyewe ulimkatalia kukosea hadi mwisho.

Sanduku

Novemba 1935 aliugua ghafla maumivu makali ya tumbo, akapelekwa katika Hospitali ya São Luís dos Franceses. Novemba 29 aliandika kwa penseli sentensi moja fupi, nayo ilikuwa ya Kiingereza, lugha ya utoto wake wa Durban. Kesho yake akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 47. Alizikwa katika makaburi ya Prazeres, na Wareno wengi hawakujua ni nani aliyeondoka.

Chumbani mwake lilibaki sanduku la mbao. Ndani yake, pamoja na bahasha zilizokuwa kando, mlikuwa na karatasi zaidi ya 25,000: miswada, shajara, falaki, mashairi yaliyoandikwa nyuma ya bahasha na kwenye karatasi za ofisi. Uchapishaji wa kazi hizo ulianza mwaka wa 1942. Kitabu cha Kutotulia kilitoka mwaka wa 1982, miaka 47 baada ya kifo chake, na kila mhariri hukipanga kivyake kwa kuwa mwenyewe hakuacha mpangilio. Vipande vya tamthilia zake, zikiwemo za Faust ambaye hakumkamilisha, vimeendelea kukusanywa hadi karne hii. Watafiti waliohesabu majina aliyoyabuni walifikia 72 mwanzoni, na baadaye wengine wakapita mia moja.

Almada Negreiros aliishi hadi mwaka wa 1970, akachora picha mashuhuri ya rafikiye akiwa ameketi mezani na nakala ya Orpheu mbele yake. Kwa sadfa ya ajabu, alifariki katika hospitali ileile aliyofia Pessoa. Mwaka wa 1984 José Saramago, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998, alitoa riwaya inayosimulia jinsi Ricardo Reis anavyorudi Lisbon baada ya kifo cha muumba wake. Mwaka wa 1985 mabaki ya Pessoa yalihamishiwa katika monasteri ya Jerónimos, wanakoenziwa pia Camões na Vasco da Gama. Utabiri uliowakera watu mwaka wa 1912 ulikuwa umetimia kwa namna ambayo hata waliomcheka wasingeiamini.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, maisha haya yana funzo lisilo rahisi. Tunazoea kumuuliza mwandishi yeye ni nani hasa, kana kwamba jibu lazima liwe moja. Pessoa aliliuliza swali hilo hadi likagawanyika mikononi mwake, na katika vipande vyake lugha ya Kireno ikapata fasihi mpya. Alilipa kwa upweke, kwa mapenzi yaliyonyauka na kwa sanduku ambalo hakuwahi kulifungua mbele ya watu. Mtu ni watu, lakini watu hao wote walimwacha afe peke yake, kisha wakaendelea kuishi.